Maswali ya Wasomaji: Mkono wa gavana unafika wapi?

Barua za toleo hili zimetoka Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na moja Nairobi. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: gavana wa jimbo lenye vita anaweza kufanya nini hasa, na mwananchi amdai nini? Tumezifupisha. Majina ya waandishi hatuyachapishi, kwa usalama wao.

Ndugu wahariri, salamu. Kila kijiji kikichomwa, redioni tunasikia gavana ametuma rambirambi. Kwa nini asiwaamuru askari watoke siku ile ile? (Mkulima, Oicha)

Pole sana, ndugu. Gavana wa kiraia hana askari wa kuwaamuru. Kwa Katiba ya 2006, gavana huchaguliwa na wabunge wa jimbo kwa miaka mitano (kifungu cha 198). Polisi wako chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali walipo (kifungu cha 184), kwa hiyo hao anaweza kuwaita. Jeshi ni la taifa. Makamanda wa mikoa ya kijeshi, wa 34 kwa Kivu Kaskazini, wa 33 kwa Kivu Kusini na Maniema, wa 32 kwa Ituri, hupokea amri kutoka Kinshasa. Gavana huongoza kikao cha baraza la usalama la jimbo, ambamo kamanda wa jeshi, mkuu wa polisi, wa idara ya ujasusi na wa uhamiaji huketi meza moja. Humo anaomba na anasukuma, lakini amri si yake.

Ndiyo maana tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya ile mnayoiita état de siège, yaani utawala wa dharura wa kijeshi. Magavana wakawa majenerali, makamu wao wakatoka polisi, mabunge ya majimbo na serikali zake yakasimamishwa. Katiba inatoa siku 30 za kwanza, kisha Bunge huongeza siku 15 kila mara, na likaendelea kuongeza mwaka baada ya mwaka. Kivu Kaskazini ilianza na Luteni Jenerali Constant Ndima, aliyeitwa Kinshasa baada ya askari kuua watu zaidi ya 50 mjini Goma tarehe 30 Agosti 2023. Akafuata Meja Jenerali Peter Cirimwami, aliyeuawa Januari 2025 akiwa mstari wa mbele, siku chache kabla waasi wa M23 hawajaingia Goma. Baada yake aliteuliwa Meja Jenerali Évariste Somo Kakule, ambaye ofisi yake iliwekwa Beni.

Lakini hata gavana mwenye nyota begani hapangi mshahara wa askari, chakula chake wala mafuta ya gari lake. Vyote hivyo hutoka Kinshasa. Kikosi kilichoko kilomita 12 kutoka kwenu kikiwa na gari moja lisilo na mafuta, amri ya gavana itafika na askari hawatafika. Kwa hiyo wajumbe wenu wakipata nafasi ya kuonana naye, wasimuulize "mtatulinda lini?" Wamuulize: kikosi cha karibu ni kipi, kiko umbali gani, kina magari mangapi yanayotembea, na mafuta yaliletwa mara ya mwisho tarehe ngapi? Maswali hayo yana majibu, na asiye na majibu ataonekana pale pale.

Huku kwetu gavana ni mtu wa maendeleo, mambo ya usalama hayamhusu. Mbona Kongo wanachanganya? (Msomaji, Nairobi)

Kila nchi na mpango wake. Kenya ina magavana 47 wanaopigiwa kura na wananchi tangu 2013, na usalama umebaki kwa serikali ya kitaifa kupitia makamishna wa kaunti. Tanzania Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais, naye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa. Gavana wa Kongo amesimama katikati: anachaguliwa jimboni, ana bajeti yake, na papo hapo ndiye mwakilishi wa serikali kuu. Ukiwa na mabosi wawili wa namna hiyo, mmoja anaweza kukupigia kura ya kukuondoa na mwingine kukuita Kinshasa "kwa mashauriano" ukakaa miezi.

Wakubwa, mimi ni mkuu wa nyumba kumi. Tukiona watu wenye silaha tunatoa taarifa, na mara nyingi hakuna anayekuja. Tunakosea wapi? (Komanda, Irumu)

Mzee, kosa si lenu peke yenu, lakini kuna sehemu mnayoweza kuirekebisha.

Njia rasmi ni hii: nyumba kumi humwambia mkuu wa kijiji, naye humwambia mkuu wa groupement (kundi la vijiji), naye mkuu wa chefferie au secteur (eneo lenye groupement kadhaa), naye AT, yaani msimamizi wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Hatua nne. Kila hatua ikila dakika 40, zimepita zaidi ya saa mbili na nusu, na watu wanaotembea kwa miguu porini wameshakwenda kilomita 10 au zaidi. Kwa tukio linaloendelea, ujumbe uende kwa AT, polisi na kamanda wa kikosi cha karibu kwa wakati mmoja, na mkuu wa kijiji apate nakala ili asione amerukwa. Mahali ambapo MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, bado ipo, kuna watu wa mtandao wa tahadhari waliopewa simu. Jueni ni nani kwenu. Kivu Kusini MONUSCO iliondoka Juni 2024, na pengo hilo halijazibwa.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi uingie kwenye SMS moja, kwa mpangilio huu: saa, mahali, idadi, silaha, wanaelekea wapi, wamefanya nini, umeona kwa macho au umeambiwa. Mfano:

"17:40. Daraja dogo chini ya shule ya msingi. Watu kama 30, bunduki na mapanga. Wanakwenda upande wa mto. Wamechukua watu 4. Nimeona mwenyewe."

Angalieni hiyo saa. Andikeni kwa tarakimu za saa 24. Kwa wengine "saa kumi na moja" ni 17:00, na kwa wengine huko huko Ituri ni 11:00. Afisa anayefikiri kwa Kifaransa atasoma ya pili, na hapo mmepoteza saa sita bila mtu kujua. Jina la mahali nalo liambatane na alama: shule, mto, kilima, kilomita kutoka barabara kuu. Vijiji vyenye jina moja ni vingi mno.

Msitaje kabila wala "lugha ya watu fulani" mahali pa idadi na silaha. Taarifa kama hiyo haimsaidii kamanda kupeleka watu, ila huwasaidia wanaotafuta sababu ya kulipiza kisasi asubuhi yake. Na msiitume kwenye kundi la WhatsApp kwanza. Waasi nao wamo humo, na anayejulikana kuwa ndiye aliyetoa taarifa hana mlinzi usiku.

Taarifa za uongo, za kumkomoa jirani mwenye ugomvi wa shamba, ndizo zinazoua imani ya askari kwenu. Kwa tukio lisilo la dakika ile, thibitisheni kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na kama eneo lina jamii mbili, mmoja atoke kila jamii.

Kisha wekeni daftari. Safu sita zinatosha: namba, tarehe, saa mliyoona, saa mliyotuma, aliyepokea, saa msaada ulipofika au "hakuna". Baada ya mwezi mmoja lipelekeni kwenye kamati ya usalama ya wilaya. Malalamiko ya mdomo hujibiwa kwa mdomo. Daftari linaloonyesha taarifa 14, zilizojibiwa 3, na nyingi kukwama kwa mtu yule yule, ni vigumu kulipita.

Kaka yangu amekamatwa na askari, wanasema chini ya état de siège hana haki. Ni kweli? (Dada, Bunia)

Si kweli, dada. Kifungu cha 61 cha Katiba kinataja haki ambazo hata état de siège haiwezi kuzigusa: uhai, kutoteswa, haki ya kujitetea na kukata rufaa, na kutofungwa kwa sababu ya deni. Kifungu cha 18 kinasema mtu asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Kilichobadilika 2021 ni kwamba kesi za jinai zilihamishiwa mahakama za kijeshi na askari wakaruhusiwa kupekua nyumba mchana na usiku; Oktoba 2023 Rais Tshisekedi alitangaza kulegeza hatua kwa hatua. Andika leo hii tarehe, saa na mahali alipokamatwa na kikosi kilichomkamata, nenda na mwanasheria kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi, uliza kama PV (hati rasmi ya maelezo ya kesi) imefunguliwa na kwa kosa gani. Pesa ya "kumtoa" usimpe mtu mkononi. Dhamana halali hulipwa kwa risiti ya serikali.

Shikamooni wahariri. Ninanunua maharage vijijini nayaleta Butembo. Bariere (vizuizi vya barabarani) zinanimaliza. Zipi ni halali, na gavana hawezi kuzifuta? (Mama mfanyabiashara, Lubero)

Marahaba, mama. Hapa ndipo usalama na maendeleo vinapokutana kwenye kamba moja iliyofungwa kati ya miti miwili. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark waliorodhesha vizuizi 798 katika Kivu mbili tu, na vilikuwa vya kila mtu: jeshi, polisi, waasi, na idara za raia.

Kujua kizuizi halali, tazama mambo matatu. La kwanza, anayedai ni wa idara ya kutoza? Ushuru wa barabara ni wa FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, kwenye kituo kinachojulikana, na kodi za jimbo ni za idara ya mapato ya jimbo, DGR. Askari wa jeshi hana kodi yoyote anayoruhusiwa kutoza, hata ya "kahawa". La pili, tozo ina jina? Kodi zote za majimbo na za chefferie, secteur na miji zimeorodheshwa katika amri-sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018. Isiyokuwamo si kodi. La tatu, unapewa risiti iliyochapwa, yenye namba na kiasi kile kile ulichotoa? Karatasi ya daftari la shule yenye mhuri si risiti. Ukifika mpakani kama Kasindi, amri ya 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu: forodha, OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa), uhamiaji na usafi wa afya. Wengine wote wanaokaa pale na viti vyao, waulize karatasi.

Sasa hesabu. Tuseme magunia 40, bariere 5, kila moja faranga 500 kwa gunia. Hiyo ni faranga 100,000 kwa safari, na hailipwi na mwenye lori. Mkulima ananunuliwa kwa bei ya chini na mama wa Butembo anauziwa kwa bei ya juu.

Gavana anaweza kuzifuta, naye hufanya hivyo kwa amri ya maandishi. Lakini bariere zilizofutwa hurudi baada ya wiki chache, na sababu ni moja kuu: askari sita waliowekwa kilimani bila posho wanaishi kwa ile kamba. Ukiikata bila kuwalisha, wataifunga tena kilomita mbili mbele. Kwa hiyo ombi lenu liwe na vipande viwili, si kimoja: kizuizi kiondolewe, na itajwe nani atapeleka chakula cha kituo na kila baada ya siku ngapi. Sijapata kuona ombi la kipande kimoja likidumu.

Msibishane barabarani na msipige picha. Kila mmoja aandike akifika nyumbani: mahali, tarehe, saa, sare au idara, kiasi, karatasi imetolewa au la, magunia mangapi. Mkusanye safari 25 hivi za wiki moja kutoka kwa wafanyabiashara tofauti, ili asijulikane mtu mmoja. Shirikisho la wafanyabiashara, FEC, lipeleke kwa AT, nakala kwa DGR na kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi. Huyu wa mwisho ndiye watu humsahau, na ndiye mwenye meno kwa askari.

Tunafundishwa kwamba jimbo linabaki na asilimia 40 ya mapato. Mbona shule zetu haziioni? (Mwanafunzi, Bukavu)

Kwa sababu haibaki. Kifungu cha 175 cha Katiba kinataka asilimia 40 ikatwe pale pale jimboni kabla pesa haijaondoka. Utaratibu uliozoeleka ni kinyume chake: pesa yote huenda Kinshasa, kisha Kinshasa hurudisha sehemu, ikichelewa, ikipungua, na mara nyingi ikiwa mishahara tu. Kwenye karatasi hesabu iko hivi: katika kila faranga 100 za mapato ya kitaifa, 40 ni za jimbo, na asilimia 40 ya hizo, yaani faranga 16, ni za miji, wilaya ndogo za mijini, chefferie na secteur. Asilimia 10 nyingine ni ya mfuko wa kusawazisha majimbo (kifungu cha 181).

Gavana akipokea mishahara tu, daraja hujengwa kwa pesa ya wafadhili au ya mpango wa taifa wa maendeleo ya wilaya 145 ulioanza kutekelezwa baada ya mikataba ya 2021, ambao mikataba yake ya ujenzi hupita PNUD (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) na ofisi mbili za serikali kuu, BCECO na CFEF, na si ofisi yake gavana. Unapoona shule imesimama kwenye msingi, soma kibao kwanza ujue mwenye kazi ni nani. Wengi wanamwandama gavana kwa mkataba asioushika.

Barabara yetu ya kilomita 20 ikipigwa mvua tatu imekwisha. Tumeambiwa tuunde CLER. Inafanyaje kazi? (Kiongozi wa vijana, Mahagi)

Kwanza jueni barabara ni ya nani. Za taifa na kubwa za jimbo ni za Office des Routes, za mjini ni za OVD, za kutoa mazao shambani zina idara yao. Ombi lililopelekwa ofisi isiyohusika hukaa mwaka.

CLER ni kamati ya wenyeji ya kutunza barabara kwa mkono. Kipimo kinachofaa ni mfanyakazi mmoja kwa kilomita moja. Kwenu ni 20 na wasimamizi wawili. Vifaa ni koleo, sururu, panga na reki kwa kila mmoja, na toroli moja kwa watu wawili au watatu. Mlipe kwa mwezi, baada ya kutembea kipande chote kwa miguu pamoja na mkuu wa kijiji. Anayelipwa kabla ya ukaguzi hufyeka nyasi za pembeni zinazoonekana na kuacha mitaro.

Barabara ya udongo huuawa na maji yaliyosimama kabla ya lori. Iwe na mgongo: kwa upana wa mita 5, katikati pawe juu kuliko ukingo kwa sentimita 10 hadi 12. Pimeni kwa kamba na ubao, msikadirie kwa macho. Mitaro ya pembeni itoe maji nje kila mita 20 hadi 50, karibu zaidi penye mteremko mkali. Kalavati lisipungue kipenyo cha sentimita 80, kwa sababu la 60 huziba matope na mtu hawezi kuingia kulisafisha. Juu yake udongo ulioshindiliwa ufike sentimita 60, la sivyo lori la kwanza la mbao litalivunja. Shimo likitokea, likateni kingo ziwe wima, ondoeni tope lote, jazeni changarawe kwa tabaka la sentimita 10, mkishindilia kila tabaka. Kumwaga udongo juu ya tope ni kupika uji.

Kuna kizuizi cha mvua pia: mti na kufuli, unaofungwa mvua ikianza na kufunguliwa uso wa barabara ukikauka. Ni kitu chema na cha hatari, maana lori lililokwama kwa muda wa saa nne hulipa ili lipite, na kufuli linageuka bariere kama zile za mama wa Lubero. Ufunguo ushikwe na watu wawili wa vijiji tofauti, na saa za kufunga na kufungua ziandikwe kwenye ubao hapo hapo.

Fyekeni kichaka mita 5 kila upande, zaidi kwenye kona. Hiyo ni kazi ya usalama, si ya urembo. Pale Komanda hadi Luna, magari yalilazimika kwenda kwa msafara wa askari, na dereva anayeona mita 200 mbele ana nafasi ambayo dereva aliyezibwa na kichaka hana.

Tulikimbia Masisi. Tunasikia shamba letu limepewa mtu mwenye ng'ombe, kwa sahihi ya gavana. Anayo mamlaka hayo? (Mzee, kambini)

Mzee, pole kwa safari ndefu. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, ardhi ni ya serikali, na gavana anaweza kutia sahihi mkataba wa hadi hekta 200 vijijini. Zaidi ya hapo ni waziri, na juu zaidi Rais. Lakini kabla ya sahihi yoyote, ardhi ya kijijini lazima ifanyiwe uchunguzi wa awali: ipimwe, itangazwe, na wanaoitumia wasikilizwe. Mkataba uliofanywa wenyeji wote wakiwa kambini una tundu hapo hapo. Hilo ndilo la kushika, kuliko kubishana nani alitangulia kufika Masisi.

Mtu wenu aende kwa msajili wa hati za ardhi aulize namba ya hati, tarehe, ukubwa, na karatasi ya uchunguzi wa awali yenye majina ya waliosikilizwa. Nanyi huko kambini, leo, wakati majirani wa pande nne bado wako hai na wako pamoja, chukueni karatasi: chora shamba, andika jirani wa kila upande, miti ya mpaka, kijito, makaburi, aliyewapa na mwaka. Kila jirani aweke kidole. Nakala tatu, moja isikae kambini. Mkirudi, anzeni na kamati ya maridhiano ya eneo, CLPC, kabla ya mahakama, na makubaliano yoyote yatiwe sahihi mbele ya AT pamoja na mkuu wa kimila. Mkuu peke yake haitoshi, kwa kuwa katika mashauri mengi ya namna hii yeye ndiye aliyeuza.